Natafuta ukoo wa mume wangu kisiwa cha Tiree (Scotland), kabla ya 1841 nimegonga mwamba, naombeni msaada

mkwe_wa_visiwani

Habari za humu wakuu. Naomba msaada kwa yeyote aliyewahi kuhangaika na kumbukumbu za zamani za Scotland, hasa za visiwani.

Naishi Glasgow, nimeolewa huku. Baba mkwe wangu umri umeenda na kitu anachokitaka sasa hivi kuliko vyote ni kujua watu wao walikuwa akina nani. Ni akina MacLean wa Tiree, kile kisiwa kilichojitenga magharibi kabisa ya Hebrides za ndani, tambarare, miti hamna, upepo mwaka mzima. Baba yake mzee alizaliwa hapahapa Glasgow, babu yake ndo alihama kisiwani akiwa kijana kuja kutafuta kazi, na nyumbani siku zote walikuwa wanasema kwao ni Balephuil, kijiji cha kusini magharibi ya kisiwa. Kingine anachokumbuka ni maneno ya bibi yake kwamba ndugu wengine walipanda meli kwenda Kanada baada ya njaa ya viazi na hawakusikika tena.

Mpaka sasa nimeingia ScotlandsPeople, ile tovuti ya kumbukumbu za taifa, nikapata cheti cha kuzaliwa cha huyo babu, cha ndoa ya wazazi wake, halafu sensa, nikarudi nyuma mpaka kwa mtu anaitwa John ambaye ni babu wa babu yake mzee kwa upande wa baba. Sensa ya 1841 yupo Balephuil, ya 1851 yupo, ameandikwa ana miaka 53, ana mke na watoto. Ya 1861 hayupo. Cheti cha kifo sikioni. Nikienda kwenye rejista za ubatizo za kanisa kutafuta John MacLean aliyezaliwa kama 1798 nakuta ama wapo kibao wa jina hilohilo ama hakuna anayeendana, sijui wa kwetu ni yupi.

Sasa maswali yangu. Kabla ya sensa ya 1841 kuna kitu kingine chochote cha kuwapata watu wa kawaida, wakulima tu na wavuvi? Akina John MacLean wote hawa mtu anawatofautisha vipi? Na la tatu ambalo kwangu ndo kubwa, mzee hataki orodha ya majina peke yake, anataka kujua waliishije na kwa nini waliondoka, hayo yameandikwa wapi? Kwenda kisiwani kwenyewe kuna faida au kila kitu kiko mtandaoni siku hizi?

Natanguliza shukrani.

mpekuzi_makabrasha

Dada karibu sana, umefika pazuri tayari, wengi wanakwama huko huko kwenye 1855, mwaka usajili wa lazima ulipoanza.

Kwanza kabisa achana na kutafuta kwa jina la ukoo, tafuta kwa kijiji. Tiree akina MacLean ni wengi mno, kisiwa chenyewe kilikuwa mali ya MacLean wa Duart mpaka Campbell wa Argyll walipokichukua miaka ya 1670, kwa hiyo jina peke yake halikwambii kitu. Balephuil ndo ufunguo wako. Chukua sensa ya 1841 na ya 1851, usimwangalie John tu, soma kurasa zote za Balephuil kaya kwa kaya na uandike kila nyumba ina nani, maana majirani wa 1841 unakuja kuwakuta ni mashahidi kwenye vyeti vya baadaye, wengine ni mashemeji.

Halafu jihadhari na umri wa 1841. Mwaka ule walioandikisha waliambiwa mtu wa miaka 15 na kuendelea umri wake upunguzwe hadi kwenye tano iliyo chini yake, yaani mwenye 43 anaandikwa 40, mwenye 44 naye 40. Na 1841 haisemi nani ni nani kwa nani ndani ya nyumba, uhusiano unaanza kuandikwa 1851, na 1851 ndo inataja parokia aliyozaliwa mtu. Hiyo 53 yako ya 1851 ndo ya kushika, ila iache ipumue miaka mitatu minne mbele na nyuma, watu walikuwa hawasherehekei birthday.

Sasa kuhusu ubatizo usiouona. Rejista za zamani ni za Kanisa la Scotland peke yake na zilikuwa kazi ya karani wa parokia, akiwa makini unapata, akiwa mvivu hupati. Kuanzia 1783 mpaka 1794 serikali iliweka ushuru wa peni tatu kwa kila tukio linaloandikwa kwenye rejista, maskini wengi wakaona bora wanyamaze. Baada ya hapo Tiree pakaingia Wabaptisti, wana kanisa lao pale tangu 1838, na hao watoto wachanga hawabatizi. Halafu 1843 Kanisa la Scotland likapasuka, visiwani watu wengi sana wakahamia Kanisa Huru, na watoto wao hawamo kwenye kitabu cha zamani. Kwa hiyo mtu kutokuwepo kwenye rejista haimaanishi hakuzaliwa pale.

Njia ya kumpata baba yake John bila ubatizo wake ni hii. Kuanzia 1 Januari 1855 Scotland iliweka usajili wa lazima na cheti cha kifo cha kule kinataja baba na mama wa marehemu, tena mama kwa jina lake la kwao. Wewe John wako humwoni, sawa, lakini alikuwa na kaka na dada. Dada mmoja tu wa John akiwa amekufa Tiree 1862 ana miaka 70, cheti chake kina wazazi walewale. Tafuta MacLean wote waliokufa Tiree kati ya 1855 na 1880 wenye umri wa kuwa ndugu zake, ndani yake chambua wa Balephuil, uone wazazi wanaojirudia. Ukimkuta aliyekufa 1855 yenyewe shukuru Mungu, mwaka ule wa kwanza vyeti vilijazwa mpaka majina ya watoto wote wa marehemu, wakaona kazi ni kubwa wakapunguza mwaka uliofuata.

Angalia na majina ya watoto wa John. Desturi ya kule mtoto wa kiume wa kwanza anapewa jina la babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama, binti wa kwanza bibi mzaa mama. Si sheria, usije ukajenga ukoo mzima juu yake, ila inakupa pa kuanzia. Mtoto wake wa kwanza wa kiume anaitwa nani?

Na tafadhali usilipie picha ovyo. Kutafuta kwenye faharasa ni bure, picha ya ukurasa ndo inalipiwa kama pauni 1.50 kila moja, na kwa jina kama MacLean pesa inaisha kama maji. Vitabu vya mabaraza ya wazee wa kanisa lakini ni bure kuangalia, humo ndo mna kesi za watu kugombana, mimba za nje, maskini waliopewa msaada. Wewe uko Glasgow, nenda Mitchell Library, wana sehemu ya masuala ya ukoo na wafanyakazi wake wanajua kazi.

upepo_wa_magharibi

Naongezea hapo kwa mkuu. Kabla ya 1841 kwa Tiree mna bahati ambayo visiwa vingi hawana. Duke wa Argyll wa tano, yaani mwenye ardhi ya kisiwa, aliamuru ifanyike orodha ya wakazi wa mali zake, ikafanyika 1779, kijiji kwa kijiji, na Tiree imo. Si wakubwa tu, mpaka wasio na shamba. Imeshachapishwa kama kitabu, maktaba kubwa za Scotland zinacho. John wa 1798 hatakuwemo ila baba yake akiwa alizaliwa miaka ya 1760 au 1770 anatakiwa awemo akiwa kijana au mtoto ndani ya nyumba ya babu yake. Ndo maana mkuu anakusisitizia kijiji, ukishapata jina la baba kwenye cheti cha ndugu, unafungua 1779 unaangalia Balephuil kuna mtoto wa jina hilo kwa nani. Ila watu walikuwa wanahama kijiji hadi kijiji ndani ya kisiwa, usipomkuta Balephuil angalia Hynish, Balemartine, Mannal, Barrapol.

Makaratasi ya Duke mwenyewe yako Inveraray, kwenye hifadhi ya familia ya Argyll, orodha za kodi, barua za wasimamizi, maelekezo ya nani apewe ardhi. Unaandika kwanza kuomba miadi, huendi tu kupiga hodi.

Kuhusu kwenda kisiwani mimi nasema nenda, tena nenda na mzee kama afya inaruhusu. Pale Scarinish, karibu kabisa na meli inapotia nanga, kuna kituo kinaitwa An Iodhlann, ni hifadhi ya historia ya kisiwa inayoendeshwa na wenyewe. Mimi nilienda kwa ajili ya mambo ya mnara wa taa wa Skerryvore, ule uliojengwa 1838 hadi 1844 na Alan Stevenson, karakana yao ilikuwa Hynish, nikajikuta nimeshinda mle siku nzima. Wana picha za watu zenye majina nyuma, barua walizoandika waliohama, vifaa vya shamba na vya baharini, na kikubwa zaidi wana kumbukumbu za familia kwa vijiji, nani alikaa kipande kipi na nani alimfuata. Utakapotaja MacLean wa Balephuil wao watakuuliza MacLean yupi, na watataka ile orodha ya baba, babu, baba wa babu, maana kisiwani mtu alikuwa anatambulikana hivyo au kwa jina la utani la familia, MacLean ilikuwa ya kwenye karatasi tu. Muulize mzee kama anakumbuka jina lolote la utani walilokuwa wanaitana, hata kama anaona la kijinga. Hilo moja linaweza kukumalizia wale John wote.

Kingine msikie sauti. Chuo kikuu cha Edinburgh kilianzisha Shule ya Masomo ya Kiskoti 1951 na watu wake wakazunguka visiwani na mashine za kurekodi. Tiree alienda Eric Cregeen miaka ya 1960 na 1970, akakaa na wazee, akarekodi habari za mashamba, boti, nyimbo, nani alifukuzwa na nani. Rekodi nyingi zimewekwa kwenye tovuti ya Tobar an Dualchais bure, nyingi ni kwa Kigaeliki, lugha ya asili ya visiwani, ila kila moja ina muhtasari kwa Kiingereza. Unaweza kutafuta kwa kisiwa. Mtu aliyerekodiwa 1968 akiwa na miaka 80 alimsikia bibi yake aliyeiona njaa ya viazi, hapo ndo utakapopata majibu ya mzee.

Meli ni ya Oban, kama masaa manne, na upepo ukichachamaa haiendi, usipange kurudi siku ambayo kesho yake una kazi. Ndege ndogo zipo kutoka Glasgow.

mkwe_wa_visiwani

Jamani nimefurahi mpaka nimekosa la kusema. @mpekuzi_makabrasha mtoto wa kwanza wa kiume kwenye sensa ya 1841 ni Hector, wa pili Archibald, binti wa kwanza Effie. Kwa hiyo baba yake John anaweza kuwa Hector?

Jina la utani nimemuuliza mzee leo jioni, kwanza akacheka akasema hakuna, baadaye wakati tunakunywa chai akasema baba yake alikuwa anasema wao ni watu wa "mfuma nguo", akina fundi wa kufuma. Sijui kama ni hilo.

mpekuzi_makabrasha

Ni hilo kabisa dada! Na hapo umepata kitu kikubwa. Kwenye sensa kuna safu ya kazi, rudi 1841 na 1851 kwa Balephuil na vijiji jirani, tafuta mzee wa jina MacLean aliyeandikwa mfumaji, au mjane wa mfumaji. Wafumaji walikuwa wachache kijijini, si kama wakulima. Hata kwenye cheti cha kifo cha ndugu yake John pale panapotaja baba wanaandika na kazi ya baba, ukikuta "Hector MacLean, mfumaji" umeshamaliza.

Hector inawezekana ndiyo, jina hilo ni la sana kwa MacLean kwa hiyo usilishike peke yake, lishike pamoja na ufumaji. Effie naye kuwa naye makini, mwanamke huyohuyo karani mwingine anamwandika Euphemia, usije ukamfanya watu wawili. Na MacLean yenyewe jaribu McLean, McLaine, M'Lean, tovuti ina chaguo la kutafuta yanayofanana.

mwanahistoria_mpole

Wachangiaji wametoa mwongozo mzuri wa kupata majina. Mimi nije kwenye swali lake la tatu kwa sababu naona linapita kirahisi na mimi ndo linaloniuma.

Dada karibu kila karatasi utakayoisoma ya Tiree kabla ya 1883 imeandikwa na mtu mwenye madaraka juu ya hao akina MacLean. Mchungaji, msimamizi wa mali, Duke, karani wa sensa. Ukisoma barua za wasimamizi utakutana na lugha ya kwamba watu ni wengi kupita kiasi, wavivu, hawalipi kodi, bora waende Kanada. Usiibebe hiyo ukampelekea mzee kama ndo historia ya babu zake. Watu hawakuwa wengi kwa bahati mbaya. Wakati wa vita vya Napoleon majivu ya mwani yalikuwa na bei nzuri sana, yanatumika viwanda vya vioo na sabuni, na wenye ardhi ndo walikuwa wanapata faida, hivyo waliwataka watu wengi pwani wa kukusanya na kuchoma mwani, ardhi ikakatwakatwa vipande vidogo ambavyo familia haiwezi kuishi kwa shamba peke yake. Vita ikaisha 1815, magadi ya nje yakaingia, bei ikaanguka, watu wamebaki palepale na viazi. Miaka ya 1830 na 1840 kisiwa kilikuwa na watu zaidi ya 4,000. Sensa ya 2011 walikuwa 653. Viazi vikaoza 1846, halafu mwaka uliofuata akaingia Duke wa nane, na msimamizi wake John Campbell, yule wanayemwita Factor Mòr, yaani msimamizi mkubwa, mpaka leo kisiwani, akawa anapunguza watu, wengine wakalipiwa nauli, wengine wakanyang'anywa ardhi. John wako ametoka kwenye sensa katikati ya 1851 na 1861, kipindi hichohicho, kwa hiyo maneno ya bibi wa mzee yachukulie kwa uzito.

Sasa sauti za watu wenyewe unaanza kuzipata 1883. Baada ya vurugu za wakulima wadogo wa kisiwa cha Skye za 1882 serikali iliunda tume chini ya Lord Napier, ikazunguka nyanda za juu na visiwa kusikiliza wakulima wadogo, watu zaidi ya 700 walitoa ushahidi, na Tiree walifika. Yote ikachapishwa 1884, swali kwa swali, jibu kwa jibu, na ipo mtandaoni bure. Soma kikao cha kwanza kabisa cha kule Braes, Skye, shahidi wa kwanza Angus Stewart, kabla hajasema chochote anaomba ahakikishiwe kwamba hatafukuzwa kwenye ardhi kwa sababu ya atakayoyasema. Mtu mzima mbele ya wakubwa wa nchi, kitu cha kwanza kinachomtoka ni hofu ya mwenye shamba wake. Ukishasoma hapo ndo utaelewa kwa nini miaka yote ya nyuma kulikuwa na ukimya kwenye makaratasi. Kisha nenda kwenye kurasa za Tiree, mashahidi wanatajwa majina na vijiji, wanasema malisho yaliyochukuliwa, kodi iliyopandishwa, nani aliondolewa. Angalia kama kuna wa Balephuil, nina imani wengi wao walimjua John au wanawe.

Na usiishie 1883. Sheria ya 1886 iliwapa wakulima wadogo haki ya kutofukuzwa ovyo na kodi ikawa inapangwa na tume, ila mwaka huohuo Tiree walivamia shamba la Greenhill na serikali ikapeleka askari wa majini kisiwani. Babu yake mzee alikuwa kijana mdogo wakati ule, hayo aliyaona kwa macho. Kuhama kwake kuja Glasgow kusiandikwe kama mtu alitafuta kazi tu.

ndege_wa_bahari

Mkuu hapo juu umeongea vizuri sana ila nikuombe usizitupe hizo karatasi za wakubwa, ndani ya safu zake kavu kuna maisha ya watu ukijua kuzisoma.

Mimi ni mtu wa St Kilda, ndo kisiwa ninachokisoma miaka yote. Kule watu hawakuacha maandishi yao karibu kabisa mpaka mwishoni, wageni ndo waliandika. Martin Martin alifika 1697 akakadiria watu kama 180. Ndui ya 1727 tunaijua kwa sababu wanaume watatu na wavulana wanane walikuwa wamepelekwa kwenye mwamba wa Stac an Armin kuvuna ndege wa baharini, ugonjwa ukaingia kijijini nyuma yao, hakukuwa na wa kuwafuata na boti, wakakaa kule juu kuanzia Agosti mpaka Mei mwaka unaofuata. Lakini kitu kilichonifunga mimi ni rejista za vifo baada ya 1855. Ni safu ya umri tu. Unashuka na kidole, siku saba, siku nane, siku sita, siku nane, watoto wachanga mmoja baada ya mwingine, ni pepopunda. Hakuna mchungaji wala mgeni aliyeandika jinsi mama zao walivyojisikia, ile safu inatosha. Miaka ya 1890 mchungaji Angus Fiddes akaenda Glasgow kujifunza ukunga safi wa kuua vijidudu, akarudi nao, na ile mistari ikakoma. Watu 36 wa mwisho waliondolewa 29 Agosti 1930.

Kwa hiyo dada kwa Balephuil usisome jina na umri tu. Sensa ya 1861 na zinazofuata zina safu ya vyumba vyenye dirisha. Familia ya watu tisa na dirisha moja, hapo umeshamwonyesha mzee nyumba. Sensa ya 1881 inaonyesha nani anazungumza Kigaeliki. Vitabu vya kumbukumbu za shule mwalimu anaandika kila wiki nani hakuja na kwa nini, wako kwenye viazi, wana surua, dhoruba. Orodha za tathmini ya mali kuanzia 1855 zinaonyesha nani anashikilia kipande kipi na kodi yake ni ngapi, unaweza kuona mwaka ambao jina la John linafutwa na anaingia nani, mwanae, mjane wake au mgeni kabisa. Kama kipande kilikuwa kwa jina lake na 1855 hakipo tena kwa familia, hilo nalo ni jibu.

mkwe_wa_visiwani

Hiyo ya madirisha nimeenda kuangalia muda huuhuu. Sensa ya 1861 mwanamke anayeitwa kama mke wa John yupo Balephuil na Archibald, watoto wadogo wawili hawapo, Hector hayupo. Chumba chenye dirisha: kimoja. Lakini yeye ameandikwa "mke", hajaandikwa "mjane". Nilikuwa sijaiona hiyo safu kabisa, nilikuwa naangalia jina tu. Mke maana yake mume yuko hai sehemu nyingine, au karani kakosea?

mpekuzi_makabrasha

Yote mawili yanawezekana ila mimi naelemea kwenye kuwa hai. Mume na wana wakubwa kutangulia halafu mke na wengine wafuate ilikuwa jambo la kawaida. Na kuna wake ambao hawakufuata. Kwa hiyo tafuta cheti cha kifo cha huyo mke, kitasema mjane wa nani au mke wa nani na kazi yake, na ukiangalia ndoa ya Archibald kama ilikuwa baada ya 1855 wazazi wote wawili wametajwa, kama baba alikuwa ameshafariki kwa kawaida wanaandika marehemu pembeni ya jina lake. Ukikuta hana "marehemu" mwaka 1865 tuseme, basi familia ilijua bado anapumua.

Kwa Kanada, watu wa Tiree wengi wa kipindi hicho walielekea Ontario, na kaunti ya Bruce imejaa familia za kisiwa hicho. Orodha za abiria usizitegemee, meli za kwenda Kanada kabla ya 1865 hazikuwekewa utaratibu mzuri wa kutunza majina. Anza na sensa ya Kanada ya 1861, tafuta John MacLean wa miaka kama 63 mzaliwa wa Scotland ambaye ana Hector na hao watoto wadogo wawili ndani ya nyumba, huo mchanganyiko wa majina na umri ndo utakaomtambulisha. Usajili wa vifo Ontario ulianza 1869, akiwa aliishi mpaka hapo yumo. Na makaburi, yale ya wahamiaji wa visiwani mara nyingi jiwe linataja kisiwa alichozaliwa mtu, na watu wa kule wamepiga picha makaburi mengi wakaweka mtandaoni.

upepo_wa_magharibi

Na hizi barua za Kanada An Iodhlann wanazo za familia mbalimbali, watu wa Ontario wamekuwa wakituma nakala na kuja kutafuta kwao. Waandikie kabla hujaenda, weka majina yote, Balephuil, mfumaji, mwaka 1851 na huo wa 1861, taja na Hector. Inawezekana kuna mjukuu wa Hector aliyeshawaandikia kutoka upande wa pili akiwatafuta nyinyi.

mkwe_wa_visiwani

Nimeandika email usiku huu, nikamsomea mzee kabla sijatuma, akanirekebisha sehemu moja, akasema usiandike tunatafuta MacLean, andika tunatafuta watu wa mfumaji wa Balephuil. Cheti cha kifo cha mke wa John nimekiona kwenye faharasa, Tiree, 1874, nanunua picha kesho.

mpekuzi_makabrasha

1874 safi sana. Ukishakifungua angalia na mtoa taarifa aliyesaini chini, uhusiano wake na marehemu unaandikwa. Weka hapa majina ya wazazi wake pia, na yake ya kwao, nina kile kitabu cha 1779 hapa, nitamtafuta baba wa John na baba wa mke kwa pamoja nione kama walikuwa kijiji kimoja.